Kabla hujalipia kisu: jinsi ya kukijua chuma chake

Kwenye meza za wauza vyombo, iwe Kariakoo au Gikomba, utasikia maneno haya: "Mama, stenlesi halisi haishiki sumaku." Muuzaji anatoa sumaku ndogo, anaigusisha kwenye sufuria, haishiki, mteja anaridhika. Kwa sufuria ana hoja. Sufuria na vijiko vizuri hutengenezwa kwa stenlesi yenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hadi 10, na chuma cha namna hiyo kwa kawaida hakivutwi na sumaku. Kosa ni kuihamishia kanuni hiyo kwenye kisu. Chuma cha sufuria hakikubali kutiwa ugumu kwa moto. Ukikifanya kisu, utapata kitu kinachong'aa, kisichoshika kutu, na kisichokata.

Stenlesi ya kisu ni ya ukoo mwingine, ule unaochomwa ukawa mwekundu, ukapozwa ghafla, ukatoka mgumu. Ukoo huo sumaku inaung'ang'ania. Kwa hiyo nenda na sumaku yako sokoni, lakini isome kinyume na muuzaji anavyoisoma: isiposhika ubapa wa kisu cha chuma, kirudishe mezani. Ikishika, endelea kukagua tu, maana hata msumari unashika sumaku.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Thamani ya kisu inatokana na mambo matatu: kuna kaboni kiasi gani ndani ya chuma, chuma hicho kilichomwa na kupozwa vipi, na makali yamepewa umbo gani. Jina la chuma linakujibu la kwanza peke yake. Watu wengi hulipa fedha nyingi kwa jina, na mambo mawili yaliyobaki ndiyo yanayoamua kama nyanya itakatika au itapondeka.

Kuisoma namba iliyo ubavuni

Chuma kitupu ni laini. Kinachokipa uwezo wa kuwa kigumu ni kaboni, na kinachohitajika ni kiasi kidogo mno. Katika kilo moja ya chuma cha kisu kizuri cha jikoni cha Kijerumani, kaboni ni gramu 5 tu. Nondo ya ujenzi huwa na gramu 2 au 3, ndiyo maana kisu cha nondo hata kikichovywa namna gani hakipati ugumu wa kutosha. Ukishapita gramu 6 hivi kwa kilo, kaboni inayoongezeka haikiongezei chuma ugumu mwingi. Inaungana na metali kama kromi au vanadi na kuwa chembe ngumu sana zinazoitwa kabidi, na chembe hizo ndizo zinazofanya makali yachelewe kulika.

Sasa geuza kisu utazame karibu na mpini. Kama pameandikwa 3Cr13, hiyo ni lugha ya viwanda vya China: tarakimu ya kwanza ni kaboni katika sehemu za kumi za asilimia, yaani 0.3, na 13 ni asilimia ya kromi. 5Cr15MoV ni kaboni 0.5 na kromi 15, pamoja na molibdeni na vanadi kidogo. 8Cr13MoV ni kaboni 0.8. Wajerumani huandika X50CrMoV15: gawanya 50 kwa 100 upate kaboni 0.50, na ile 15 ya mwisho ni kromi. Chuma hichohicho huitwa pia 1.4116, na ndicho Victorinox wa Uswisi wanachotumia kwenye visu vyao vya jikoni. Ukiweka 5Cr15MoV kando ya X50CrMoV15 utaona ni karibu ndugu wa tumbo moja. Kwa vyuma vya kaboni vya Kimarekani, tazama tarakimu mbili za mwisho: 1075 ni kaboni 0.75, 1095 ni 0.95, na 5160 ni 0.60.

Majina mengine hayafunguki hivyo, inabidi uyajue. 440A ina kaboni 0.60 hadi 0.75, na 440C ina 0.95 hadi 1.20. Kisu kikiandikwa 440 bila herufi, kihesabu kuwa A, kwa sababu mwenye C hasahau kuiandika. VG-10 ya Japani ina kaboni asilimia 1 hivi na kromi 15. 12C27 ya Uswidi, inayopatikana kwenye baadhi ya visu vya Morakniv, ina kaboni 0.6 na kromi 13.5, na kwa maoni yangu ni kati ya vyuma bora kabisa kwa bei yake: chembe zake ni ndogo, hushika makali membamba, na kinoo chochote kinaiweza. D2 ina kaboni 1.5 na kromi 12.

Na kama pameandikwa "Stainless Steel" tu, au "Surgical Steel", au "Super Sharp"? Hapo hukuambiwa kitu. "Chuma cha upasuaji" si daraja la chuma, ni sifa ya kuuzia. Karibu kila mara nyuma ya maneno hayo kuna chuma cha jamii ya 3Cr13 au 420 yenye kaboni ndogo. Chuma hicho kina historia yake. Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni 0.24, akakipendekeza kwa mafundi wa visu. Hakikushika kutu, lakini mwanzoni visu vyake havikushika makali pia, hadi mafundi wa mji huo wakamtania kuwa ni mgunduzi wa visu visivyokata. Seti ya visu sita yenye stendi ya plastiki unayoiona sokoni leo ni jamaa wa karibu wa chuma hicho cha 1913. Fedha yako imekwenda kwenye stendi na boksi. Ni afadhali kisu kimoja cha sentimita 18 hadi 20 na kidogo cha sentimita 9, vyote viwili vya chuma chenye namba.

Moto ndio unaoamua

Ugumu wa kisu hupimwa kwa skeli ya Rockwell C, kwa kifupi HRC. Mashine hukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma kwa uzito wa kilo 150, kisha husoma imezama kiasi gani. Visu vya seti za bei ya chini huwa chini ya 54. Visu vya Kijerumani na Kiswisi ni 55 hadi 57 hivi. VG-10 ikichomwa vizuri hufika 60. Panga zuri liko chini zaidi, 45 hadi 52, na huko chini ndiko linakotakiwa kuwa.

Namba ya chuma haikuhakikishii namba ya ugumu. Chuma cha X50CrMoV15 kilichochomwa kwa joto dogo au kwa haraka hutoka na 52, na kisu chake hufa makali kabla kilo mbili za vitunguu hazijaisha. Chuma hichohicho kwenye tanuri linalosimamiwa hutoka na 56 na kumaliza wiki jikoni. Mezani visu hivyo viwili havitofautiki kwa macho. Unahitaji tupa.

Nunua tupa ndogo mpya, ya meno membamba, uitunze kwa kazi hii pekee. Tupa iliyochakaa huteleza kwenye kila kitu, itakudanganya. Muombe muuzaji ruhusa, kisha weka tupa kwenye kisigino cha makali, pale karibu na mpini ambapo alama haitadhuru, uisukume mara moja bila nguvu. Ikila chuma kama inavyokula msumari, ikitoa unga kwa ulaini, hapo hapana kisu. Ikikwaruza kwa shida, kwa sauti kali, na kuacha mstari mwembamba, uko kati ya 54 na 58, yaani ugumu wa jikoni. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, uko kwenye 60 na kuendelea. Muuzaji akikataa, kataa na wewe kulipa bei ya kisu kigumu.

Jaribio la pili ni la nyumbani, na mimi huliamini kuliko yote. Chukua kipande cha mviringo cha shaba ya njano, unene wa kalamu. Lazia makali juu yake kwa pembe uliyonolea, kandamiza kidogo chini ya taa kali, na utazame. Utaona ukingo wa makali ukibonyea pale unapoigusa shaba, kama ngozi chini ya kucha. Ondoa mkono. Ukingo ukirudi mahali pake, moto ulikuwa sahihi. Ukibaki umejikunja, chuma ni laini mno. Ukimeguka, ni kigumu mno au baada ya kupozwa hakikurudishwa motoni mara ya pili kupunguziwa ukavu. Lifanye taratibu, kwa mkono mwepesi, kwenye sehemu moja tu.

Kabla hujaondoka sokoni, lenga jicho kwenye makali kama mtu anayelenga shabaha: mstari unyooke, usiende nyoka. Kisha geuza makali yatazame taa. Makali mazima hayaakisi mwanga, hayaonekani kabisa. Kila kidoa cheupe unachokiona ni mahali palipo butu au palipomeguka. Ubavu wenye mawimbi mazuri ya "Damasko" uutazame mgongoni: kama mistari ilitokana na tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, itaendelea hadi juu ya mgongo na kushuka upande wa pili. Ikiishia ubavuni, ni mchoro wa leza au wa asidi, na msasa utaufuta usirudi tena.

Kisu cha mhunzi na panga

Kuna dhana kwamba kisu cha mhunzi wa mtaani ni cha daraja la chini. Si lazima. Jani la springi ya gari, ambalo ndilo malighafi yake kuu, mara nyingi ni chuma cha aina ya 5160 au kinachokaribiana nacho, chenye kaboni 0.6 na kromi kidogo ya asilimia 0.8. Kwa panga, shoka na kisu cha porini ni chuma kizuri kuliko kilichomo kwenye visu vingi vinavyoletwa na kontena. Nchi hizi pia si ngeni kwa kazi hiyo: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, wakionyesha kuwa wayeyushaji wa huko walikuwa wakipata chuma chenye kaboni tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Kwa hiyo muulize fundi maswali matatu. Umetumia nini: springi, tupa kuukuu, au nondo? Umechovya kwenye nini? Baada ya kuchovya ulikirudisha motoni?

Kuhusu la kwanza, akiwa na grainda mwambie aguse kipande kwenye jiwe. Nondo hutoa cheche ndefu zenye vimulimuli vichache. Tupa hutoa cheche fupi zinazopasuka kwa wingi karibu kabisa na jiwe, kama nyota. Springi iko katikati. Stenlesi ina cheche fupi na chache.

Kuhusu la pili, springi inataka mafuta. Chuma huchomwa mpaka sumaku iache kushika, kisha kinaongezwa moto kidogo mpaka nyuzi 830 hivi, halafu kinachovywa kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka kuwa ya moto kiasi. Wengi huchovya kwenye maji kwa sababu maji yapo. Maji hupoza haraka mno, na chuma hiki hupasuka, mara nyingine kwa sauti ndogo ya "tik" ambayo kelele za karakana huifunika. Ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Unapatikana hivi: paka mafuta ya taa kwenye makali, ngoja dakika tano, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatajitokeza na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Mstari ukiwepo, kisu hicho kitakatika siku moja, na huwezi kuchagua siku.

Swali la tatu ndilo mafundi wengi hulikwepa. Chuma kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Lazima kirudishwe kwenye joto la wastani, nyuzi 200 kwa saa mbili kwa kisu, mpaka chuma kilichosafishwa kiwe na rangi ya nyasi kavu. Panga linataka moto mkubwa zaidi ya huo, lishuke hadi karibu na 50 HRC. Pia wapo wanaofua springi na kuipoza hewani bila kuchovya kabisa. Kisu hicho tupa itakila bila taabu, na utakijua.

Kwa nini panga liwe laini kuliko kisu? Kwa sababu hukutana na jiwe, mchanga na kifundo cha mti. Chuma cha 60 kingemeguka vipande, na kingo zilizomeguka zingehitaji nusu saa ya jiwe. Chuma cha 48 hujikunja kidogo tu, na unakirudisha kwa tupa ukiwa palepale shambani. Muuza madafu ananoa panga lake kwa tupa mara kadhaa kwa siku na linamtosha. Likikosa kuliwa na tupa, kwake ni hasara. Unapolinunua, lipinde kwa goti kiasi cha sentimita 4 au 5 kisha uliachie: lirudi limenyooka. Ligonge kwa kucha: lilie kama kengele, lisilie kama bati lililopasuka. Na nazi ivunjwe kwa mgongo wa panga, usiigeuze upande wa makali.

Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, usiusahau. Kwa panga na kisu cha porini upite mpini wote, na ribiti zisipungue mbili, bora tatu. Mpini wa plastiki uliominywa juu ya msuka mfupi hulegea, maji huingia, kutu hula msuka kwa ndani, na siku ya kuachia blade huruka. Ingiza ukucha kwenye maungio: ukipita, na mchuzi wa nyama utapita.

Umbo, na fedha iende wapi

Chukua chuma bora kabisa, kinoe kiwe kinene, hakikati. Kisu cha jikoni kinatakiwa kiwe na unene wa milimita 2 hivi mgongoni, na mara tu juu ya makali, pale makali yanapoanzia, kati ya 0.2 na 0.4. Bana hapo kwa vidole viwili na uteleze kushuka: unatakiwa usikie chuma kikiisha taratibu, usisikie ukingo wa ghafla. Kisu kinene hupasua karoti badala ya kuikata, na sukuma wiki inayokatwa mkononi hukunjamana chini yake. Hata kisu cha porini si lazima kiwe nyundo. Kile cha Morakniv cha stenlesi kina milimita 2.5 tu na kinachonga mti vizuri kuliko visu vingi vya milimita 5.

Pembe ya makali ifuate kazi. Kisu cha jikoni cha Kizungu ni nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na panga ni 25 hadi 30. Kuipata pembe hakuhitaji kifaa: kwa kisu chenye upana wa milimita 40, inua mgongo milimita 10 juu ya kinoo upate nyuzi 15, au milimita 14 upate 20.

Sasa suala la vyuma ghali. Vyuma vya unga, yaani vinavyotengenezwa kwa kushindilia unga wa chuma, kama S30V, na MagnaCut iliyobuniwa na Larrin Thomas na kuingia sokoni mwaka 2021, vina vanadi asilimia 4 na kabidi zilizosambaa kwa usawa sana. Ni kazi ya hali ya juu, na MagnaCut hasa inavumilia kutu kwa namna ya kustaajabisha ukilinganisha na ugumu wake. Lakini kabidi ya vanadi ni ngumu kuliko chembe za kinoo cha kawaida cha oksidi ya alumini. Kinoo kitaondoa chuma kinachoizunguka na kuiacha yenyewe, makali yatakataa kukaa, nawe utalaumu kisu. Vyuma hivi vinataka bamba la almasi. Kama huna mpango wa kulinunua, usinunue na kisu.

Takwimu za muda wa makali zinazotangazwa nazo zisome kwa uangalifu. Nyingi hutoka kwenye mashine ya CATRA, taasisi ya utafiti wa visu ya Sheffield, ile ya kiwango cha ISO 8442-5, ambayo hukata kadi zilizochanganywa na silika asilimia 5. Inapima kulika kwa makali, na inapima vizuri. Haipimi kisu kikigonga mfupa, wala kikianguka sakafuni. Kwenye bucha, ambako nyama hukatwa juu ya gogo na kisu hugusa mfupa kila baada ya dakika, chuma cha 55 hadi 56 ndicho sahihi: makali yanajikunja badala ya kumeguka, na fundi wa nyama anayanyoosha kwa chuma cha kunolea mara mbili tatu, anaendelea. Mpe kisu cha Kijapani cha 61 na ndani ya saa moja ukingo wake utakuwa kama msumeno. Kisu hicho cha 61 ni cha mtu anayekata samaki na mboga kwenye ubao laini, anayekausha kisu chake, na mwenye jiwe la maji.

Ukiniuliza namna ya kugawa bajeti, gawa mara tatu: sehemu mbili kisu, sehemu moja kinoo chenye pande mbili, upande wa chembe za namba 400 na wa namba 1000. Kisu cha 5Cr15MoV kinachonolewa kila wiki kitakuangusha mara chache kuliko VG-10 isiyoguswa mwaka mzima. Na ubao wa kioo au wa marumaru utupwe. Kukatia juu ya sahani nako kunaua makali kwa mikato michache, kwa sababu ung'avu wa sahani ni mgumu sana.

Grainda na kutu

Visu vingi vizuri huharibiwa na mnoaji. Cherehe ya maji, au ya baiskeli inayozungushwa polepole, haina neno. Grainda kavu ya kasi ni hatari, kwa sababu ukingo mwembamba hupanda joto kwa sekunde moja. Kwenye chuma cha kaboni utaona rangi ya dhahabu ikikimbia kwenye makali, kisha zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Kisu kilichorudishwa motoni kwa nyuzi 200 kikifika hapo, ugumu wake umeondoka, na hakuna kunoa kutakakoufufua isipokuwa kuondoa sehemu yote iliyobadilika rangi. Kwenye stenlesi rangi huchelewa kutokea, kwa hiyo ukiiona ujue joto lilikuwa kubwa zaidi. Simama karibu na mnoaji, mwambie achovye kwenye maji kila anapopitisha mara moja.

Stenlesi nayo hushika kutu. Kinachoilinda ni kromi iliyo huru ndani ya chuma, siyo ile iliyofungwa kwenye kabidi. Ndiyo maana D2 yenye kromi 12 inapata madoa wakati 12C27 yenye kromi 13.5 na kaboni ndogo inabaki safi. Pwani, kwa hewa ya chumvi, tofauti hiyo huonekana ndani ya siku chache. Adui mkubwa wa kisu cha stenlesi jikoni ni klorini: kukiloweka usiku kucha kwenye maji yenye dawa ya kuondoa madoa huacha vishimo vidogo vyeusi kama vya sindano, na havitoki. Kisu cha kaboni kinataka kuoshwa, kufutwa na kupakwa tone la mafuta ya nazi. Ndimu na embe bichi zitakitia rangi ya kijivu na buluu. Rangi hiyo iache, inakilinda. Futa ile nyekundu tu.

Na ukishanunua, usihukumu chuma kwa makali ya kiwandani. Mara nyingi kiwanda hunoa kwa mkanda wa kasi, na ule ukingo wa mwisho kabisa umeungua kidogo. Kisu kikifa makali siku ya tatu, kinoe kwa mkono kwenye kinoo chenye maji, ukitumie, ukinoe tena. Baada ya kunoa mara ya pili au ya tatu utakuwa umefika kwenye chuma kizima, na hapo ndipo rudia lile jaribio la shaba.